Krismasi ya Waliobaki

Kila mwaka Desemba inapofika katikati, mahubiri ya aina moja huanza kusikika katika sharika zetu za mijini. Mhubiri anawatakia safari njema wanaokwenda nyumbani kula sikukuu, anamwombea dereva na gari lake, kisha anawageukia wasiokwenda. Tumeyasikia Dar es Salaam, tumeyasikia Arusha, na tunakutana nayo katika mahubiri ambayo wanafunzi wetu wa theolojia huandika kwa mazoezi na kutuletea tuyasahihishe. Maneno hubadilika kidogo, shabaha ni ile ile: kijana anayekula Krismasi mjini na rafiki zake amepotea, amewasahau waliomzaa, amemezwa na dunia. Halafu inafuata methali, nayo haijawahi kukosekana: mkataa kwao mtumwa.

Tunaandika kuyapinga mahubiri hayo. Hatupingi mtu kwenda kwao. Wengi wetu tunaofundisha hapa chuoni ni watu wa mlimani, na tunaijua raha ya kuamka tarehe 25 kwa sauti ya kengele, ukungu ukiwa bado kwenye migomba, mbuzi ameshachinjwa, na bibi anauliza nani amefika na nani bado yuko njiani. Ndafu ina mahali pake, na asiyeijua tunamhurumia. Tunachokipinga ni mafundisho yanayoigeuza desturi hiyo njema kuwa kipimo cha imani, hata aliyebaki mjini anaonekana kuwa na Krismasi nusu, na aliyekaribishwa mezani kwa rafiki anaonekana kama mtu aliyeokota makombo.

Tuanze na hao wanaosemwa. Ni nani hasa anayebaki? Mhubiri akiwataja huwa anamfikiria kijana mmoja mwenye pesa, anayekwenda ufukweni na wenzake na kuzima simu mama akipiga. Yupo kijana huyo, tutafika kwake. Lakini simama mlangoni mwa kanisa la mjini asubuhi ya Krismasi uwatazame wanaoingia. Utamwona muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, macho mekundu, hajalala. Utamwona mlinzi wa geti ambaye mwenzake amekwenda likizo naye amebaki na zamu mbili. Utamwona binti wa kazi ambaye wenye nyumba wamesafiri na kumwachia funguo, mbwa na kuku. Utamwona mjane ambaye baada ya mazishi shemeji zake walimwambia kihamba si chake, na kule alikozaliwa kaka zake wamekwisha kugawana. Utamwona kijana aliyebatizwa ukubwani, kutoka nyumba ya imani nyingine, ambaye baba yake alisema asikanyage tena pale. Utamwona msichana aliyezaa kabla ya ndoa na anayejua ni maneno gani yanamsubiri kwenye kiti cha pili kanisani kwao. Na utamwona baba wa makamo, mwenye heshima zake, aliyebaki kwa sababu hana cha kupeleka.

Huyu wa mwisho tukae naye kidogo, maana ni wengi kuliko wanavyohesabiwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na nauli ya watu watano kwenda na kurudi si jambo dogo hata tangu treni ya abiria iliporudi Moshi mwaka 2019. Lakini nauli ndiyo nafuu. Kuna sukari, mchele, mafuta ya kupikia, khanga ya mama, blanketi la baba, mchango wa ukoo, mchango wa kaburi la babu linalotaka kujengewa, na soda za watoto wa jirani wote watakaokuja kusalimia. Mtu harudi kwao mikono mitupu. Basi wengine wanakopa kwenye vikoba ili waonekane, na Januari ada zinawakuta hawana kitu. Mwingine anaamua kutokopa. Anapiga simu nyumbani na kusema kazi zimebana mwaka huu. Jumapili inayofuata anakuja ibadani na kusikia kwamba yeye ni mtumwa.

Tunauliza: mahubiri hayo yamemrudisha nani nyumbani? Aibu ndiyo iliyombakiza mjini, nasi tunamwongezea aibu. Na hatujasikia bado mahubiri ya Desemba, kule mlimani, yanayowaambia wazazi wampokee kwa furaha mtoto anayeshuka kwenye basi akiwa na begi la nguo tu. Mfano wa mwana mpotevu tunausoma mara nyingi, na daima tunamwambia mwana arudi. Baba wa mfano ule alimkimbilia mtu asiye na kitu, hata kiatu. Wahubiri wetu wa Desemba wangeanza na baba huyo.

Sasa twende kwenye Maandiko, maana wanaotupinga wanasema Maandiko yako upande wao. Wenzetu wa makabila mengine hututania kwamba Wachaga mwezi wa kumi na mbili wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo una Biblia ndani yake. Luka anasimulia katika sura ya 2 kwamba Kaisari Augusto alitoa amri, na kila mtu akaenda mjini kwao. Yusufu naye akapanda kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Daudi. Ndiyo, Yusufu alikwenda kuhesabiwa. Tumewahi kumsikia mwinjilisti mmoja akijenga hotuba nzima juu ya hilo: hata Mwokozi alizaliwa wakati wa kwenda kwao! Watu walicheka na kupiga makofi.

Lakini someni aya inayofuata. Yusufu alifika kwao, na kwao hapakuwa na nafasi. Biblia yetu ya Kiswahili inasema nyumba ya wageni. Neno la Kigiriki ni kataluma, na wasomi wa Agano Jipya wamelibishania miaka mingi. Luka anapotaja nyumba ya wageni ya kulipia, ile ambayo Msamaria mwema alimpeleka majeruhi katika sura ya 10, anatumia neno jingine kabisa. Kwa hiyo wengi wanaona kataluma hapa ni chumba cha wageni katika nyumba ya watu. Chagua usomaji wowote. Kama ilikuwa ni nyumba ya kulipia, basi mtu wa ukoo wa Daudi aliingia mji wa Daudi na hakuwa na ndugu wa kumlaza. Kama ni chumba katika nyumba ya jamaa, basi jamaa walikuwa wamejaa na mke mjamzito akasogezwa waliko wanyama. Kwa vyovyote vile, kwenda kuhesabiwa hakukumpa Mtoto mahali pa kulala.

Na waliokuja usiku ule ni nani? Wazee wa ukoo hawatajwi. Luka anataja wachungaji wa kondoo, watu wa zamu ya usiku, waliokuwa mbali na vitanda vyao wakilinda mali. Mathayo anataja wageni kutoka mashariki, watu wa nchi nyingine na lugha nyingine. Tukiwaondoa wote waliokuwa mbali na kwao katika Krismasi ya kwanza, horini atabaki punda, na punda mwenyewe hatajwi.

Bethlehemu ina habari nyingine ambayo wahubiri wa Desemba huiruka. Miaka mingi kabla ya Yusufu, mwanamke Mmoabu aliingia mji ule akiwa amewaacha baba na mama na nchi aliyozaliwa, akimfuata mkwewe aliyekuwa anarudi kwao mikono mitupu. Naomi mwenyewe alilisema hilo mbele ya wanawake wa mji, kwamba ametoka amejaa na kurudishwa mtupu. Ruthu hakuwa na damu ya mtu yeyote pale. Akakaribishwa chakula na wavunaji, akashiba, akabakiza. Kutoka kwake akatoka Obedi, kutoka kwa Obedi Yese, kutoka kwa Yese Daudi. Mathayo anamwandika kwa jina katika sura yake ya kwanza, kati ya wanawake wachache anaowataja katika uzao wa Kristo. Basi ule ukoo ambao Yusufu alikwenda kuhesabiwa ndani yake ulipita kwa mwanamke aliyekula kwa watu, mbali na kwao. Kwa methali ya wahubiri wetu, Ruthu alikuwa mtumwa.

Hoja yetu kubwa, hata hivyo, haiko Bethlehemu. Iko Yerusalemu, na katika somo tunaloliita la Alhamisi Kuu, ambalo kwa bahati mbaya hatulisomi Desemba.

Pasaka ya Wayahudi ilikuwa sikukuu ya nyumba. Kutoka sura ya 12 inaagiza mwanakondoo kwa kila nyumba, kwa hesabu ya watu wa nyumba. Hakuna sikukuu iliyofungwa na familia zaidi ya hiyo. Lakini Yesu, kijana wa Nazareti, aliila Pasaka yake ya mwisho mbali na kwao, mezani na wanafunzi wake. Na mama yake hakuwa mbali: Yohana anatuonyesha Mariamu chini ya msalaba siku iliyofuata. Alikuwa mjini. Ndugu zake Bwana nao walijua njia ya kwenda Yerusalemu. Lakini waliokaa mezani ni wavuvi, mtoza ushuru, na wengine ambao hakuna ukoo mmoja ungewakusanya. Walilia katika chumba kilichoazimwa. Luka, katika sura ya 22, anakiita chumba hicho kwa neno gani? Kataluma. Neno lile lile. Mahali palipokosekana alipozaliwa palipatikana alipokula sikukuu na rafiki zake. Na tunasema rafiki kwa kuwa Yohana anatuambia usiku ule ule aliwaita hivyo, akikataa kuwaita watumwa tena. Tunawaomba wenye ile methali waisome Yohana 15 polepole.

Meza hiyo ndiyo tunayoikaribia kila tunaposhiriki Chakula cha Bwana. Hatuikaribii kwa ukoo. Basi inakuwaje mtu akila mezani pamoja na watu wasio wa damu yake Jumapili tunaita sakramenti, na akila nao tarehe 25 tunaita upotevu?

Tunajibiwa: na amri? Katika Katekisimo yetu amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na hakuna rafiki anayefuta amri. Kweli kabisa. Hata sheria ile ya Pasaka ilikuwa na mlango kwa ajili ya nyumba ndogo: nyumba isiyotosha kummaliza mwanakondoo ile pamoja na jirani wa karibu. Jirani anaongeza watu mezani, mzazi bado ni mzazi. Na yule yule aliyekula na rafiki zake Alhamisi, Ijumaa alimkabidhi mama yake kwa mmoja wao, na Yohana anasema tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Urafiki wa mezani ukawa ndio njia ya amri ya nne kutimizwa.

Sisi Walutheri tuna ushahidi wa ziada. Februari 1530 Martin Luther alipata habari kwamba baba yake, Hans, ni mgonjwa sana kule Mansfeld. Alitaka kwenda. Rafiki zake wakamzuia, kwa kuwa tangu hukumu ya Worms ya mwaka 1521 alikuwa mtu asiyelindwa na sheria, na njiani angeweza kuuawa. Akabaki. Tarehe 15 Februari akaandika barua ndefu ya faraja, akampa mpwa wake aipeleke, na katika barua hiyo akauliza kama wazazi wangeweza kuletwa Wittenberg wakae naye. Hans alifariki tarehe 29 Mei. Habari ilimkuta Luther mwanzoni mwa Juni katika ngome ya Coburg, mbali na Mansfeld na mbali na Wittenberg. Alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia sana. Hakumzika baba yake. Je, aliivunja amri aliyoifafanua vizuri namna ile mwaka mmoja kabla, katika Katekisimo Kubwa na Ndogo? Hakuna mchungaji wa Kilutheri atakayesema hivyo mimbarani. Lakini fundi seremala wa Mbagala asiye na nauli anaambiwa hivyo kila Desemba.

Kuna upinzani mwingine, wa kisomi zaidi, na hapa chuoni unatoka kwa wenzetu tunaowaheshimu. Wanatukumbusha Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka kabisa 1938, na ambaye miaka yake mingi aliitumia Old Moshi. Gutmann alifundisha kwamba Mungu amempa mwanadamu vifungo vya asili, na kwamba Kanisa lijengwe juu yake badala ya kuvibomoa. Wenzetu wanasema: ukimtoa Mchaga katika ukoo na kihamba chake, hata kwa siku moja kuu, umelidhoofisha Kanisa.

Tunamheshimu mzee Gutmann. Aliandika mila zetu kwa uvumilivu ambao wajukuu wenyewe hatujaufikia. Pia tunaona hatari katika mafundisho yake, kwamba damu na udongo vinaweza kupewa kiti ambacho ni cha Kristo peke yake. Lakini hata tukimfuata, vifungo alivyovitaja vilikuwa vitatu: ukoo, ujirani na rika. Wanaomtaja Desemba wanakumbuka cha kwanza, wanagusa cha pili, na cha tatu wanakiacha njiani. Rika si damu. Ni vijana waliokua pamoja na kufundishwa pamoja, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake, na Gutmann aliwapanga hata vijana wa kipaimara kwa mfano huo ili wabebane. Hao tunawaitaje leo, kama si marafiki? Vijana wanne wanaopanga chumba kimoja Manzese, wanaouguzana malaria na kugawana unga mwisho wa mwezi, wamo ndani ya kifungo cha tatu cha Gutmann, wanajua au hawajui.

Hapa chuoni kila mwaka wapo wanafunzi wanaobaki. Bweni linakuwa kimya, jiko linafungwa, na wanaotoka mbali wanahesabu nauli na kukata tamaa. Mwaka mmoja walibaki saba. Mmoja wa Bukoba alikuwa ametumiwa senene na dada yake kwa basi, maana ulikuwa msimu wake, na alizilinda kama dhahabu. Mwingine anatoka Kivu, ng'ambo ya mpaka, ambako vita vimefunga barabara ya kwao. Alipika sombe na kutufundisha kwamba sisi hatujui kutwanga. Wawili walikuwa wa Iringa na walisimamia ugali kwa ukali usio wa kitheolojia. Walimwita mlinzi wa geti. Walimwita mama anayeuza mboga barabarani, ambaye watoto wake wako mbali. Mabishano ya wali au ugali yalichukua muda mrefu kuliko neno la siku, tukubali hivyo. Baada ya chakula kila mmoja alipiga simu kwao na kuizungusha, wazazi wa watu wengine wakasalimiwa na vijana ambao hawajapata kuwaona. Mama mmoja aliuliza kwa sauti iliyosikika na sote: umekula na nani? Mtoto wake akaanza kutaja majina, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa akajibu shikamoo.

Mwanafunzi yule wa Kivu alisema baadaye kitu ambacho tunapenda kila mchungaji wa mjini akisikie. Alisema kwamba mwaka uliotangulia, katika mji mwingine, alikaa ibadani siku ya Krismasi na kusikia maombi kwa ajili ya wasafiri, kwa ajili ya madereva, kwa ajili ya wazazi vijijini na kwa ajili ya viongozi wa nchi. Akasubiri kuombewa yeye. Ibada ikaisha.

Sasa turudi kwa kijana wa ufukweni, maana tuliahidi. Hatumtetei katika kila kitu. Meza yenye bia kreti tatu na muziki wa kuziba masikio, ambayo mtu akiishiwa pesa hakaribishwi tena, si urafiki tunaouzungumzia. Watu wa pwani wamesema zamani kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kipimo hicho kinatosha. Lakini mlimani nako mbege hunywewa, na magomvi ya mipaka ya vihamba huibuka siku hiyo hiyo ndugu wote wakiwapo. Dhambi husafiri kwa basi lile lile na watakatifu. Kama tunataka kumkemea mtu kwa ulevi, tumkemee kwa ulevi, popote alipokunywa, na tusimkemee kwa mahali alipokuwa.

Tunakubali pia kwamba kuna vitu rafiki hawezi kuvitoa. Hawezi kukuonyesha kaburi la babu yako na kukusimulia alivyokuwa. Hawezi kuwafundisha watoto wako lugha ya bibi yao. Mtoto anayekua miaka kumi bila kufika kwao anapungukiwa, na mzazi anayeweza kumpeleka ampeleke, Krismasi au Pasaka au likizo ya Juni ambapo nauli haijapanda. Na anayejificha mjini kwa kiburi tu, huku mama yake akichungulia barabara, huyo tutamwambia wenyewe aende.

Kinachotuudhi zaidi ya maneno ya mimbarani ni matendo. Sharika nyingi za mjini hupunguza ibada wakati wa sikukuu kwa sababu watu wamesafiri. Kwaya imevunjwa mpaka Januari. Ushirika wa nyumba kwa nyumba umesimama. Mchungaji mwenyewe, aliyehubiri juu ya kwenda kwao, naye amekwenda kwao, na mwinjilisti ameachiwa usharika mzima na baiskeli. Yaani tunawaambia waliobaki kwamba sikukuu iko kwingine, kisha tunahakikisha kweli iko kwingine. Wale wasio na pa kwenda wakipita siku ile wanakuta mlango wa ukumbi una kufuli.

Kwa hiyo tunayataka haya. Jumapili ya tatu ya Majilio, pale matangazo ya wasafiri yanaposomwa, waulizwe pia wanaobaki, wasimame, waonekane; na kila mzee wa kanisa asiyesafiri aondoke na angalau jina moja la mtu wa kumkaribisha. Katika maombi ya Kanisa siku ya Krismasi watajwe walio zamu, walio mbali, na wasio na mlango wa kurudi. Anayesafiri kwenda Rombo akiwa na rafiki asiye na nauli kutoka Mwika apite Mwika, ashuke na kilo mbili za sukari, akae, anywe chai, amwambie mama yule kwamba mwanao ni mzima na anakusalimu. Safari moja itakuwa imewabeba wawili. Wachungaji wenye sharika pacha, mjini na kijijini, waandikiane mapema, ili kule juu pia wazazi wahubiriwe. Likizo ya mchungaji ianze baada ya sikukuu kama ilivyo kwa muuguzi.

Na jiko la usharika lifunguliwe tarehe 25 baada ya ibada ya pili. Sufuria zipo, zile zile za harusi. Mchele utapatikana, watu waliobaki si maskini wote, na hata walio maskini huja na kitu wakijua wanakuja kupika na siyo kupewa. Tumeuliza katika sharika kadhaa kwa nini hilo halifanyiki, tukitegemea sababu nzito za bajeti. Jibu tulilopewa mara nyingi ni kwamba mwenye ufunguo wa jiko amesafiri. Basi ufunguo na uachwe kwa mtu anayebaki.